Kikombe cha Mama Minza

Usiniambie nilikuwa na malaria. Wenzangu walishasema hivyo, na jibu nililowapa ndilo nitakalokupa wewe: nilikuwa mzima, sikuwa nimelala, nilimwona kwa macho yangu haya.

Ilikuwa Bariadi, miaka ile ushirika ulipokufa na pamba ikawa ya wanunuzi binafsi. Ghala moja la pamba lilibaki tupu, chuo kikuu kimoja cha binafsi kikalinunua, kikafungua tawi, ghala likawa maktaba. Tulikuwa wafanyakazi wachache tunaopendana, au ndivyo tulivyojisifu. Saa nne chai, wote pamoja, kila mtu na kikombe chake kwenye msumari ukutani. Hakuna aliyekunywa kabla wote hawajaketi, kuanzia mkuu wetu, Bwana Masanja, hadi Mama Minza, mfagiaji.

Kisha vitabu vikaanza kuhama. Tukifungua asubuhi tunakuta rafu za ukuta wa nyuma tupu, vitabu vimepangwa katikati ya ukumbi, kimoja juu ya kingine, kama magunia. Tunavirudisha, kesho vimehama tena. Nani ana ufunguo? Bwana Masanja na Mama Minza. Na Mama Minza alikuwa mjane, mzee, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Unajua huku kwetu mama wa namna hiyo akishatajwa uchawi inakuwaje. Hafukuzwi kazi tu. Watu humfuata nyumbani na mapanga.

Asubuhi moja nikakuta kikombe chake hakipo kwenye msumari; wenzangu hawakutaka tena kunywa naye chai. Holo, niliyekaa naye meza moja, akaangalia pembeni. Hasira iliyonipanda siku hiyo haijashuka yote mpaka leo.

Mama Minza hakukiona kilichofanyika, maana alishakwenda msibani Ipililo, akaniachia ufunguo nimshikie zamu ya kufagia. Jioni wenzangu walipoondoka, nikajifungia ndani. Niliogopa? Sana. Lakini ningekaa kimya ningejichukia.

Jua lilipozama nikasikia mtu anahema. Niamini, haukuwa upepo. Alitokea kwenye ukuta wa nyuma, mwanamume mrefu, kifua wazi, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele na kope. Anabeba vitabu begani, anavitua katikati ya ukumbi, anarudi kuchukua vingine, na miguu yake haitoi sauti. Nikajilazimisha kumtazama usoni.

"Mwadeela, baba," nikamsalimu. "Unafanya nini?"

"Mvua inakuja," akasema bila kusimama. "Mzigo utaloa."

Alipomaliza rafu ya mwisho akarudi ukutani, na sikumwona tena.

Usiku huo mvua ikanyesha kubwa. Bati la upande wa nyuma likang'oka, maji yakamwagikia rafu tupu. Hakuna kitabu kilicholoa.

Saa nne nikawaeleza wote. Nikasema Mama Minza yuko Ipililo. Holo akasema mchawi hahitaji basi. Nikasema niliyemwona ni mwanamume. Bwana Masanja akasema wachawi hujigeuza. Nikawaonyesha bati. Unajua walinijibu nini? Kwamba hata mvua kaileta yeye.

Nikakitoa kikombe changu msumarini.

"Mkimtaja yeye, nitajeni na mimi," nikawaambia. "Ufunguo wake ninao, na humu ndani nilikuwa mimi. Hao watu wa mapanga mkienda kuwaita, waleteni kwangu kwanza."

Hakuna aliyekwenda kuita mtu.

Mama Minza aliporudi, nilimsubiri kwenye korido na chupa ya chai.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kama mama yangu.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Mbona chai iko huku nje?"

"Huku kuna hewa."

Akachungulia ndani, akaona misumari miwili mitupu, akaelewa. Akaketi. Tulikunywa chai koridoni mpaka alipostaafu, na miaka mingi baadaye alikufa kwa uzee, kitandani kwake. Jambo hilo nalijivunia kuliko kazi yangu yote. Vitabu havikuhama tena, ila kila masika nafuta nyuzi za pamba kwenye rafu za nyuma. Nafuta, nasalimu, naendelea na kazi.

Na wewe unayenisikiliza, ukikutana na kitu usichokijua, usikimbie kabla hujakiona uso. Ukikimbia, utafika kwa watu bila sura ya kuwaambia, nao watachagua sura ya bibi yako, waseme ndiye mchawi.