Saini Yangu kwa Gauni Nisiloliona

Laiti ningekataa kusaini kabla ya kuuona mzigo. Mjukuu wangu Rehema alinunua gauni la harusi mtandaoni, kutoka Dar es Salaam, akanituma Tabora mjini kulipokea kwenye ofisi ya basi. Karani alikuwa Mzaramo, mtani wangu.

“Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo hadi pwani, wewe unaogopa kalamu? Saini, linashushwa.”

Mbele ya mtani huonyeshi woga. Nikasaini kwa mwandiko wangu wa sekondari, nikangoja mpaka basi likabaki tupu. Gauni halikuwamo.

Nyumbani Igalula sikuitaja saini. Mbele ya kamati ya harusi nikampigia muuzaji, wote wakisikia. “Mwizi wewe, leta gauni jingine!”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba,” nikaitika, hasira ikapungua bila ruhusa yangu.

“Lingepotea njiani, ningelipa mimi. Lakini umesaini kwamba umelipokea.”

Picha ya saini ikaingia kwenye simu ya Rehema. Akaitazama, akanigeukia. “Babu, huu si mwandiko wako?”

Aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima. Siku hizi hanitumi hata chumvi dukani.