Kitu kwenye chai ya wifi

Juzi, kwenye zahanati moja hapa Dunda, mama wa makamo aliketi mbele ya muuguzi, akajiziba mdomo kwa mtandio, akanong'ona kwa sauti iliyotufikia sote benchini: "Mwanangu, siku hizi nasahau. Hata jina la mjukuu linanipotea. Wifi yangu ananitilia kitu kwenye chai."

Muuguzi hakucheka. Alimchoma kidole, akatazama kipimo.

"Mama, sukari iko juu. Insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu, ikishindwa kazi, hata ubongo unaweza kudhurika. Huenda ndiyo sababu unasahau. Hiyo chai ya wifi ina sukari?"

"Shira tupu. Na kalmati juu yake."

"Basi kweli anakutilia kitu. Usinywe."

Mama akamkazia macho, sasa akimshuku na yeye. "Nikatae chai ya wifi? Si atajua namshuku!"

Muuguzi akaandika kwenye kadi, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilitoka pale nikimcheka mama. Jioni nikapita kwa shemeji yangu, akanimiminia chai. Nikainusa, nikamtazama usoni, kisha nikamaliza kikombe na kuomba kingine.