Déo, conducteur mwenye hakujua kuendesha gari

Kichwa yangu inakatala mupaka leo. Déo amekufa, na mi ningali nashika téléphone nataka kumuandikia.

Kwa benye habakumujua: Déo alikuwa anafundisha physique pamoja na mimi ku université, hapa Bunia. Bureau moja, dirisha moja, na yeye njo alikuwa na kiti ya muzuri.

Alienda Iga Barrière kusalimia mujomba wake, homa ikamushika kule. Asubuhi ya kumurudisha Bunia, masasi ya bunduki ikalia njiani, barabara ikafungwa. Kila siku banatuambia amani imerudi. Wakati gari ilifika ku lopitali, hakuwa anasema tena.

Niko na kasirani, nasema wazi. Homa ya namna ile inaponaka, mutu akifika mapema.

Acha niwaambie juu ya kazi yake, maana angenigombeza nikiandika tu "alikuwa mutu muzuri".

Alikuwa anatafuta supraconducteur. Waya ya kawaida, courant ya umeme ikipita, inapata moto, na sehemu ya courant inapotea bule njiani. Supraconducteur haipoteze kintu. Shida ni kwamba zile tunajua zinaomba baridi kali, congélateur haiwezi hata kukaribia. Yeye alitaka kupata moja yenye haiombe baridi mingi vile.

Laboratoire hatuna. Alikuwa na ordinateur. Anapanga ma atome mule ndani, anauliza: jiwe ikijengwa hivi, itafanya nini na courant? Jibu moja inaweza kuchukua wiki mingi.

Mama yake, siye bote tunamuita Mama Déo, alisikia neno "conducteur" akashika hiyo tu. Akatangaza kanisani: mutoto yangu alisoma mupaka mwisho, sasa iko supra-conducteur. Na kwetu conducteur ni mutu wa kushika volant, dereva. Quartier yetu nzima, Mbunya, ikajua kama Déo anaendesha ma gari kubwa kupita batu bote.

Déo hakujua kuendesha hata kidogo. Pikipiki yenyewe alikuwa anaogopa.

Siku moja Papa Ramazani, mukubwa wa ba chauffeur ku parking, akamuletea Fuso yenye ilikatala kupanda mulima, eti aiangalie. Déo akamueleza courant, waya, baridi, ma atome. Muzee akasikiliza yote kwa heshima, kisha akamuuliza: "Sasa weye, professeur, frein ya kusimamisha gari iko fasi gani?"

"Papa, hata hiyo sijue."

Ba chauffeur bakacheka mupaka bakaketi chini. Toka siku ile jina yake ikawa Supra, na mu gari zao kiti ya mbele ilikuwa yake.

Ku auditoire, étudiant mumoja alimuuliza physique hii itatusaidia nini siye ba Bunia, courant yenyewe inakatikaka kila saa. Tulingoja akasirike. Akasema tu: "Njo maana. Kidogo yenye tunapata, isipotee njiani." Halafu akafuta tableau na mukono ya shati, vile alikuwa anafanyaka, chaki yote ikabaki kwake.

Wakati alienda Iga, aliacha calcul moja inatembea mu ordinateur ku nyumba yao. Aliniambia kintu moja: "Angalia basizime." Ikizimika katikati, kazi yote inaenda bule.

Sasa fikirieni matanga. Batu bamejaa mu parcelle ya kwao Déo, kila mutu anachaji téléphone ku batterie ya panneau solaire, ile inalisha ordinateur ya Déo. Jua hakuna, ni mvua tu. Nikaona lampe nyekundu ya convertisseur inawaka, maana batterie inaisha. Nikapiga magoti mbele ya Mama Déo, haya imenijaa: mama, naomba batoshe ma téléphone, kazi ya Déo ingali inatembea.

Alinitazama mupaka nikajuta. "Mutoto yangu iko mu sanduku. Ni kazi gani ingali inatembea?"

Papa Ramazani njo alisimama. "Mama, ni ya Supra." Ba chauffeur bakaenda kutosha ma batterie mu Fuso zao, bakazileta ku mabega mu mvua. Moja ikipungua, banaweka ingine. Tulienda ku makaburi, tukarudi, bangali banabadilisha. Hakuna hata mumoja alijua ile mashini inahesabu nini.

Calcul imeisha. Nilifungua jibu miye mwenyewe, Mama Déo ameketi pembeni.

Ma fréquence, vile ma atome inatetemeka, zilitoka négatif. Maana yake, ile jiwe Déo alipanga haiwezi kusimama. Ukijaribu kuijenga, inabomoka yenyewe.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inasema hapana, mama."

"Sasa yeye angefanya nini?"

"Angepanga ingine. Leo leo."

"Basi panga."

Nikaweka mikono ku clavier ya ordinateur. Ndugu zangu, mi najua kusoma jibu. Kutafuta swali, ni yeye alijua. Ma atome gani, na kwa nini zile, hakuna mutu alimuulizaka vizuri, tulifikiri iko na wakati. Mikono ikabaki pale. Nikalia mbele ya mama mwenye matanga, na yeye njo akanibembeleza.

Déo, ndugu yangu, jibu yako imetoka, na ungetaka kuijua hata kama ni mubaya. Nimezima mashini. Hakuna kintu inakungoja tena huku. Lala muzuri, Supra.