Rozalia Ahamia kwa Fundi Wake

Katika soko la Mpanda hakuna mtu aliyewahi kumlaghai Rozalia kwenye mchele. Alikuwa anatumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anachota konzi ya chini kabisa, anatupa punje chache mdomoni na kuzitafuna polepole huku amemkazia macho mwenye mali. Kisha anatema pembeni. "Huu umeuvuna mbichi," anasema, au, "Huu umechanganya na wa mwaka jana." Mwenye mali anaanza kuapa kwa Bikira Maria, na Rozalia anamwacha aape mpaka achoke mwenyewe. Alizaliwa Usevya, kwa Wapimbwe, akaolewa Mpanda na mfanyakazi wa reli, mume akafariki, na tangu hapo kazi yake ikawa kutoa mchele kwao na kuupeleka Tabora kwa treni. Wapagazi wa stesheni walikuwa wanamwamkia kutoka mbali.

Ndiyo maana watu wa mtaa wake, Nsemulwa, walishindwa kuelewa ilikuwaje mwanamke kama huyo akakaa bila paa kwenye mvua, tena mvua za ule mwaka wa elinino.

Chanzo kilikuwa shemeji yake, Apolinari, mdogo wa marehemu mume wake. Apolinari alikuwa mtu wa kujua watu. Kazi nyingine hakuwa nayo. Rozalia aliporudi kutoka Tabora na mabati yake mapya ya kuezekea nyumba, akayalaza chini ya kitanda na kuyatenganisha kwa magunia matupu yasikwaruzane, Apolinari alikuja kunywa chai, akainama, akayatazama, akaguna kwa kuridhika.

"Shemeji, fundi wa haya ni Hilari. Yule mtu ana mkono."

"Wote wana mikono," Rozalia alimjibu.

Lakini alimkubalia. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mchele alikuwa anauonja. Fundi alimchukua kwa kuambiwa.

Hilari alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa koti, penseli imekaa nyuma ya sikio, na pima maji ameikumbatia kifuani kama katekista anavyoshika kitabu. Aliizunguka nyumba akigonga kuta kwa vifundo vya vidole. Alifika kwenye kona, akasimama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaendelea. Alieleza kwamba ameezeka Tabora, ameezeka Sumbawanga, na ameezeka nyumba ya mkubwa mmoja ambaye kwa heshima hawezi kumtaja.

"Mama, usiwe na wasiwasi," alisema. "Hii nyumba yako watu watakuwa wanasimama barabarani kuitazama."

Katika hilo hakusema uongo.

Asubuhi ya kwanza alifika kabla jua halijapanda, akapanda juu, akashusha nyasi zote. Mpaka saa ya chakula nyumba ilikuwa wazi kama chungu, na nyasi zilizokaa pale juu tangu marehemu akiwa hai zilikuwa zimelundikwa uani, zinatoa vumbi, mende na panya. Rozalia alifurahi. Alichinja kuku. Alikuja kujua baadaye kwamba mafundi wote ni hodari wa kubomoa. Siku ya kubomoa hakuna fundi aliyewahi kuumwa malaria, wala kufiwa, wala kuazimwa msumeno ukachelewa kurudi. Hayo yote yanaanza siku ya kujenga.

Na yalianza. Hilari alisimamisha kenchi chache, zile mbao za kubeba paa, upande wa reli, akashuka, akala, akasema anakwenda kufuata misumari. Hakurudi. Alipotumiwa mtu, jibu lilikuja kwamba bibi yake amefariki. Rozalia alituma pole na mchele wa msiba. Alipotumiwa mtu tena, jibu lilikuja kwamba bibi yake amefariki.

"Ni bibi yuleyule?" Rozalia alimuuliza Apolinari.

"Shemeji, watu wana bibi wawili."

"Na wote wanangoja nyumba yangu ishushwe nyasi ndipo wafe?"

Apolinari alikunywa chai yake. Alikuwa na huruma nyingi kwa mafundi. Kila aliposikia kisingizio alikitetea kana kwamba ni mtoto wake mwenyewe, na Rozalia alianza kumtazama kwa jicho lile analowatazamia watu wanaolowesha mchele ili uwe mzito.

Mvua ikaanza. Haikuanza kama miaka mingine, kwa manyunyu na upepo. Ilimwagika tu, ikakaa. Rozalia alihamishia magunia yake ya mchele jikoni, kwenye kibanda cha nyuma ambacho bado kilikuwa na nyasi zake, na yeye akalala hukohuko, godoro lake limebanwa kati ya magunia na mafiga. Mabati yalibaki chini ya kitanda ndani ya nyumba isiyo na paa. Kila asubuhi alikuwa anaingia kuyafuta maji kwa kitambaa.

Akamwita fundi mwingine, Yotham. Huyo hakupanda hata ngazi. Alisimama mlangoni, akatazama zile kenchi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, nani amekufanyia hivi?"

"Fundi mwenzako."

"Huyu si fundi. Hii mbao hapa haikutakiwa kukaa hivi, hii haikutakiwa kuwepo kabisa. Hapa tunatoa zote, tunaanza upya. Hata huu ukuta mimi ningeushusha."

Rozalia alimpa kikombe cha uji. Aliona kwamba Yotham anafurahi kwelikweli. Furaha ya mtu huyu haikutokana na kazi aliyoijua yeye. Ilitoka kwenye kazi aliyoiharibu mwenzake. Chini ya huzuni ya Hilari siku ile kwenye kona kulikuwa na furaha hiihii, na Rozalia alielewa kwamba Hilari naye, mahali fulani, alikuwa amesimama mlangoni kwa mtu akiicheka kazi ya Yotham.

"Kunywa uji wako uende," alimwambia.

"Lakini mama, hatujaelewana."

"Tumeelewana sana."

Wiki ile ukuta wa nyuma ulianguka. Ulikuwa wa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, na udongo ule ulikuwa umekunywa maji mpaka umekuwa tope. Rozalia alikuwa jikoni anapepeta mchele aliposikia kishindo. Alitoka na ungo mkononi akaona kitanda chake cha ndoa, mbao ya mninga, kiko wazi mbele ya majirani, na tofali zimelala juu yake. Majirani walikuja. Walisema pole. Walitazama. Apolinari alikuja, akauzunguka mrundo wa tofali, akasema, "Ingekuwa mbaya zaidi."

  Rozalia aliwaomba vijana wawili wa jirani wamtolee mabati yakakae kwa mama mmoja wa jumuiya yake ya kanisa. Mchele akampa huyohuyo mama autunze. Kisha akafunga godoro lake kwa kamba, akachukua sufuria, kanga mbili na rozari, akamkodi mwenye baiskeli.

"Wapi, mama?"

"Kasokola. Kwa fundi Hilari."

Alitembea nyuma ya baiskeli njia nzima, tope mpaka kwenye muundi, mwendesha baiskeli akisukuma badala ya kupanda. Walipofika, alidhani wamekosea. Mbele yake palikuwa na msingi mkubwa wa mawe, wa vyumba vinne na baraza, umeota majani kila mahali, na mbuzi wamelala pale ambapo pangekuwa sebule. Pembeni ya msingi palikuwa na kibanda cha nyasi kilichoinama upande mmoja. Mwanamke kijana alitoka humo akifuta mikono. Alikuwa Odeta, mke wa Hilari, binti wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kirundi.

"Karibu, mama. Kama unamtafuta fundi, hata mimi ninamtafuta."

"Huu msingi ni wa lini?"

Odeta aliutazama kama mtu anayetazama mzigo wa mwingine. "Alinionyesha wakati tunachumbiana."

Rozalia alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nyasi zishushwe, na Odeta naye akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Wewe una bahati, mama. Wewe amekufikisha kwenye kenchi."

Hilari alitokea alasiri, anasukuma baiskeli, koti limelowa. Alipomwona mgeni alisimama kidogo, kisha uso ukamchangamka wote.

"Aa, mama! Shikamoo! Yaani nilikuwa nakuja kwako sasa hivi."

"Marahaba. Ungenikosa. Nimehamia hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwa fundi wangu. Nyumba yangu imeanguka ukuta, nyingine sina. Nyasi ulishusha wewe. Nilale wapi, mwanangu? Kanisani?"

Hilari alicheka, akamtazama mke wake amsaidie. Odeta alikuwa ameshaanza kufagia mahali pa kuweka godoro.

Kibanda kilikuwa na chumba kimoja. Mama mwenye umri wa kumzaa mtu hawezi kulala chumba kimoja na mtu huyo na mke wake, hilo halikuhitaji kujadiliwa. Basi Hilari akafungasha blanketi akaenda kuomba hifadhi kwa jirani, na asubuhi alirudi na macho mekundu akakuta wanawake wawili wanakunywa uji na kuzungumza kwa raha.

Rozalia hakumtukana. Angemtukana, Hilari angepata pa kuanzia. Watu wa namna hiyo wanajua kununa. Alikaa tu. Alikula alichokula mwenye nyumba, alipepeta, alipika, na kila Hilari alipoigusa baiskeli yake alisimama, akajifunga kanga, akauliza kwa sauti ya upole, "Tunakwenda?" Hilari alikuwa anaiacha baiskeli. Majirani walipokuja kuamkia mgeni na kuuliza ni nani, aliwajibu, "Mimi ni nyumba yake ya Nsemulwa. Nimekuja kumtembelea."

Habari ilitembea. Watu walianza kupita pale bila safari. Wengine walijifanya wanatafuta mbuzi. Hilari alijaribu kueleza kwamba huyu ni mama yake mdogo, na Rozalia akasema kwa nguvu, "Mama yako mdogo? Basi nashukuru Mungu bado niko hai, maana bibi zako wanakufa haraka."

Lililomvunja kabisa lilitoka Magamba. Mkulima mmoja aitwaye Celestin alikuja amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, mtu mpole, anaomba radhi hata kwa mbwa. Hilari alikuwa amemshushia nyasi yeye pia, kabla tu ya mvua. Alisalimia, akaketi, akasikiliza Rozalia alivyofika pale. Alisikiliza kwa makini sana. Kisha akalitazama godoro, akakitazama kibanda, akauliza taratibu kama mtu anayepima:

"Na familia? Mimi nina watoto saba. Na mama mkwe."

"Nafasi ipo," Odeta alisema. "Msingi ni mkubwa."

Hilari alisimama. Aliingia ndani, akatoka na nyundo, msumeno na pima maji yake. "Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na asali, "tunakwenda."

Walirudi Nsemulwa, na Rozalia akakaa kwenye kiti chini ya fundi mpaka kazi ilipokwisha. Kwanza Hilari alidai yeye ni fundi wa paa, si fundi wa ukuta. Rozalia akamuuliza ukuta uliangushwa na nani, na Hilari akachanganya udongo. Aliuinua ukuta, akafunga lenta ya mbao, akapiga kenchi, akapiga papi za kushikia mabati, akapanda na mabati yenyewe. Kila aliposhuka kujisaidia Rozalia alisimama na kumsindikiza mpaka mlango wa choo. Apolinari alipita siku ya kupigilia kofia ya bati juu kabisa ya paa, akaweka mikono nyuma, akasema, "Si nilikwambia ana mkono?" Rozalia alimwonyesha mrundo wa tofali zilizobaki, akamwambia azihamishe. Apolinari akakumbuka ana mgonjwa wa kumwona.

Paa halikunyooka. Mtu akisimama upande wa stesheni anaona linashuka kidogo, kama kofia ya mlevi. Hilari alisema ni macho. Na juu ya mlango wa mbele palibaki tundu dogo ambalo mvua ikizidi linadondosha maji kwenye shingo ya anayeingia. Hilari alijitolea kurudi kuliziba.

"Usirudi," Rozalia alimwambia. "Kwako nimekaa, nakufahamu."

Godoro lake alilirudisha mahali pake, kitanda akakipigia mbao mpya, na mchele ukatoka kwa mama wa jumuiya bila kupungua. Odeta alianza kufika mara kwa mara kununua mchele wa kuuza Kasokola, na wakikaa pamoja hawakumtaja Hilari kabisa. Walikuwa na mambo ya maana ya kuzungumza.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, bwana mmoja mgeni mwenye shati jeupe alisimama barabarani akilitazama lile paa. Alipiga hodi. Alisema amesikia kuna fundi anaitwa Hilari, na angependa kujua kazi yake kutoka kwa mtu aliyemtumia.

"Kuezeka anajua," Rozalia alisema. "Asichojua ni kuja."

Yule bwana alicheka sana, kama mtu aliyesikia kichekesho. Alisema Hilari alikwenda kumwona Jumapili, mtu safi, amevaa koti, anaongea vizuri, na alimwambia asiwe na wasiwasi.

Rozalia alimtazama kuanzia viatu mpaka kola. Angeweza kumwambia mengi. Aliona ile furaha machoni pake, furaha ya mtu ambaye tayari anaiona nyumba yake imekamilika na watu wamesimama barabarani, akaona hana sababu ya kupoteza mate.

"Sawa, baba," alisema. "Nyasi zako bado ziko juu?"

"Anazishusha kesho."

"Mchinjie kuku," Rozalia alisema, akarudi ndani kupepeta mchele wake.