Shimo lililotuokoa na mabomu Kisangani ndilo lililokuwa likipasua nyumba yetu

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwemo, na kovu la goti ninalo.

Miaka ya vita tuliishi kwenye nyumba ya marehemu papa, baba yetu. Aliijenga juu ya mfinyanzi, ule udongo unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Ndiyo maana alichimbia nguzo za zege mita tatu. Mtaa ukamcheka kwamba anatafuta almasi.

Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, mama akaamuru tuchimbe shimo la kujificha. Tulichimba pale pale ubavuni mwa nyumba, tusikimbie mbali. Mimi nikajikata goti kwa jembe.

Watu watano tulijibana humo siku kadhaa. Tulitoka wote wazima. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa sauti.

Mji ukatulia kidogo, mvua zikaja, na ukuta wa upande ule ukapasuka. Kiganja changu kiliingia.

Kila mtu akasema ni mabomu. Tonton, mdogo wake papa, akaja kutoka Isangi na neno moja: tubomoe kabla haijatuangukia, tuhamie kwake. Mama alilia sana. Papa hakutuachia kitu kingine.

Mama akamwita Papa Basele, mwashi aliyemwaga zege ile. Mzee hana haraka huyo, anaudhi! Akapima nguzo kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Kumbe nguzo ya kona haikuzama. Ilikuwa IMEPANDA.

Akabandika plasta nyembamba juu ya ufa. Wenyewe wanaiita témoin: ikipasuka, ujue ukuta bado unatembea. Ikapasuka. Kiangazi ufa ukajibana, mvua zikaufungua tena. Ndipo mzee akasema:

"Mama, bombe inapasuaka mara moja. Hii iko inapumua. Shimo yenu njo inashusha maji mpaka kwa muguu ya poteau, ile nguzo ya kona. Udongo inavimba, inaibeba. Tuizibe."

Mama akakataa katakata. "Hii shimo njo iliokoa batoto yangu. Bombe ikirudia, tutaingia wapi?"

"Bon. Tuchimbe ingine mwisho ya parcelle, kule kiwanja inaishia, mbali na nyumba. Alafu hii tuizibe."

Hakubishana na hofu yake, wakuu. Aliitafutia mahali pengine.

Shimo jipya lilipokamilika, mama akashika koleo la kwanza mwenyewe. Kabla ya kumwaga udongo akainama.

"Aksanti, shimo. Ulitubeba."

Tonton, yule yule wa kubomoa, alilia kuliko wote.

Tukashindilia tabaka kwa tabaka, tukainamisha uwanja ili maji yakimbilie barabarani.

Nilichojifunza: kina cha msingi hakipimwi kwa mita tu, kinapimwa kwa pale maji ya mvua yanapoishia. Ukichimba shimo kando yake, umeyateremsha mwenyewe. Na usibomoe kabla hujautazama ufa mvua na kiangazi.

Papa Basele ametangulia, apumzike. Bila yeye tungekuwa wageni Isangi.

Wenye nyumba juu ya mfinyanzi, nyufa zenu zinafunguka msimu gani? Semeni hapa chini, nasoma zote.

Témoin ya mwisho, iliyobandikwa baada ya kuziba shimo, bado iko ukutani, nzima. Mama hataki mtu aipake rangi.