Mapumziko Juu ya Turubai

Nilipoajiriwa kulinda udongo, nyumbani kwetu ziwani walinicheka. Kwani udongo una miguu? Kwenye miteremko ya Ekerenyo unayo, tena una haraka. Tulikuwa tukijenga maktaba rafiki kwa mazingira, jengo ambalo hata tone la rangi lina sheria yake, na sheria yangu ilikuwa moja: tope lisivuke mpaka wa kiwanja. Chini ya mpaka palikuwa na chemchemi ambamo majirani wote walichota maji. Aliyeilinda kama mboni ya jicho lake ni nyanya mmoja Msabato mwenye ulimi mkali.

Ijumaa moja nilifanya ujinga wa mgeni. Niliamuru rundo la udongo livuliwe turubai lake, tulisawazishe jioni. Jioni! Jua lilipoanza kushuka, vibarua wote walinawa mikono wakaenda nyumbani kuandaa Sabato. Nilifoka weee, lakini nilikuwa namfokea nani? Turubai nalo lilinishinda kulirudisha peke yangu.

Kesho yake saa saba mchana mawingu yalishuka meusi. Nilishika kona hii, upepo ukainua ile. Nyanya akatokea na akina mama wenzake, wametoka kanisani na miavuli yao.

"Nyanya, nisaidieni! Maji yenu yataharibika!"

"Leo hakuna kazi, mwanangu."

Nilikasirika, nakiri. Nilitaka kuwaambia basi wanywe tope. Nyanya akatazama mawingu, akatazama chemchemi. Kisha akavua viatu, akaketi kwenye kona ya turubai na kufungua mwavuli.

"Nyanya, unafanya nini?"

"Napumzika. Umesikia wapi kupumzika kumekatazwa?"

Akawaita wenzake kwa Kigusii, nao wakaja kupumzika, mmoja kila upande. Aliyenenepa kuliko wote alielekezwa apumzike pale penye upepo mkali.

Mvua ilinyesha kwa hasira. Wao waliimba, miavuli ikapinduka, mapindo ya magauni meupe yakaloa, na hakuna aliyeinua hata kidole. Mimi ndiye niliyekimbia huku na huko nikibeba mawe ya kukandamiza turubai, huku nyanya akinikaripia: "Si hapo! Pale!" Nilipomuuliza kama kuamrisha si kazi, alijifanya hasikii.

Mvua ilipokatika tuliteremka chemchemini. Siku zote nilikuwa nikisema namwogopa mkaguzi wa mazingira, lakini ulikuwa uongo. Niliyemwogopa ni huyu mama aliyelowa chepechepe, na watoto wote waliokunywa hapa.

Akachota kwa kikombe cha bati, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akaninyooshea.

"Anza wewe."

Nikanywa chote. Maji yalikuwa baridi hadi meno yakauma, na hayakuwa na chembe ya udongo. Akanitazama usoni mpaka nikameza funda la mwisho. Hapo ndipo alipoinama, akachota yake.