Upepo wa Chini ya Gari

Mama yangu alifunika kila kitu. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai ilikuwa na chake, makochi yalivaa vitambaa mgongoni na mikononi, na mtungi wa maji ulikuwa na kawa, na juu ya kawa kitambaa kingine. Nyumba nyingi za Morogoro zilikuwa hivyo. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na aliyepata kitu alikitunza kama yai. Kitu cha thamani hufunikwa. Hakuna aliyetufundisha hilo, tulikua nalo tu.

Kwa hiyo baba alipopata gari, jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa namna ya kulifunika.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yakaanza kushushwa bandarini na kusambaa nchini. Letu lilikuwa jeupe, la kubeba watu wanane, lenye mapazia madirishani, na halikuwa na klachi. Hilo la klachi liliwavunja watu mbavu. Majirani walikuja kuchungulia mahali ambapo klachi ingepaswa kuwa. Mmoja wao, dereva mstaafu wa malori, alitikisa kichwa akasema gari linalojibadilishia gia ni sawa na ng'ombe anayejikamua mwenyewe, ipo siku maziwa atakunywa yeye. Baba alicheka, lakini nilimwona usiku akilizunguka gari na kuligusagusa kama mtu anayemchunguza mgeni.

Gari lile halikuwa la fahari, ingawa fahari ilikuwepo na sitaki kusema uongo. Lilikuwa la mama. Miguu yake ilikuwa imemgomea, kwanza magoti, kisha nyonga, mpaka akawa anatembea ndani ya nyumba kwa kushika ukuta. Na bibi, mama yake, alikuwa bado hai huko Kinole, juu kwenye milima ya Uluguru. Bibi kushuka mjini hakuweza: harufu ya petroli tu ilimtapisha hadi kuzimia, na wajomba walikwisha kumpiga marufuku kupanda gari. Mama naye kupanda hakuweza, kwa sababu usafiri wa kule ulikuwa malori ya ndizi, na lori la ndizi linataka mtu mwenye magoti. Wakawa wanasalimiana kwa midomo ya wachuuzi. Mchuuzi wa mdalasini alishuka na shikamoo zilizojibiwa na maswali mapya, akarudi na kilo ya sukari na majibu. Miaka ikapita hivyo.

"Naomba nisiitwe kwenye msiba," mama alikuwa akisema. "Naomba niitwe kwenye chakula."

Baba alikuwa Mnyakyusa aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwandani. Kwa Waluguru watoto na mashamba ni vya ukoo wa mama, kwa hiyo kwa wakwe zake alikuwa mgeni wa kudumu, na mgeni wa kudumu ana hamu ya kufanya jambo moja litakalosemwa. Aliapa atampeleka mama hadi Kinole.

Kila aliyeijua njia ile alimwambia neno lile lile: linda tumbo. Njia ni mawe matupu, na gari la Kijapani limelala chini kama kuku anayeatamia. Baba akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaagiza bamba la chuma lililokatwa kwenye tangi kuukuu, pana, la kufunika kila kitu kuanzia chini ya injini hadi nyuma ya giaboksi. Ili bamba likae sawa ilibidi king'olewe kidude kimoja cha plastiki nyeusi kilichokuwa kimening'inia pale chini. Kilikuwa kipana mbele na chembamba nyuma, na mdomo wake mpana ulielekea mbele ya gari, wazi, kama wa mtu anayesubiri kulishwa. Fundi alikigonga kwa ukucha.

"Hiki cha kukingia matope, mzee. Wenzetu kule hawana mawe."

Baba hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Alikipeleka nyumbani akakifunga kwenye kona ya paa, karibu na jiko la nje, kikawa cha kumiminia maji ya mvua kwenye pipa. Tulikisifu. Kilikaa pale kama kilichotengenezewa nyumba yetu.

Tulilijaribu gari kwa kwenda Mikese na kurudi, kwenye lami, na halikuguna. Jumamosi iliyofuata tukaondoka kwenda Kinole: baba kwenye usukani, mama kiti cha katikati na kanga mpya, mimi pembeni yake. Nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi wakati huo, mtu mzima wa kutosha kuona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo. Tukapita Bigwa, milima ikiwa mkono wa kulia imejifunga mawingu kiunoni. Tulipofika Mkuyuni tukaiacha barabara ya Kisaki na kuanza kupanda.

Mlima wa kwanza gari liliupanda. Wa pili pia. Katika wa tatu mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kandambili zake zinalainika. Nikagusa sakafu, nikaondoa mkono haraka. Kisha ikaja harufu ya maandazi yaliyosahauliwa kwenye mafuta. Injini ikapiga kelele kubwa, lakini magurudumu hayakuisikia. Gari likasimama, likafikiri kidogo, likaanza kurudi nyuma.

Baba alivuta breki ya mkono na mimi niliruka kutafuta mawe ya kukinga matairi. Jambo moja namshukuru Mungu kuhusu njia ya Kinole: mawe hutafuti mbali.

Tulikaa pale hadi gari likapoa. Ng'ambo ya bonde ulionekana mgongo wa mlima ambako bibi aliishi, na moshi wa jiko la mtu ukipanda katikati ya migomba. Huenda ulikuwa wa kwake, huenda haukuwa. Mama aliutazama muda mrefu. Tulipogeuza gari kushuka alivuta pazia la dirisha upande ule.

"Basi, mzee wangu," alimwambia baba. "Umejaribu. Mungu hajapanga."

Ningependelea kama angelia. Siku zilizofuata baba alikuwa mtu wa kukasirikia vijiko. Kwenye gereji walimwaga mafuta ya giaboksi, ambayo yalipaswa kuwa mekundu kama juisi ya rozela, yakatoka meusi, yakinuka kuungua. Wakaweka mapya. Waliafikiana wote kwamba hili ni gari la mjini, linalopenda lami na harusi. Dereva mstaafu akaja kumkumbusha baba habari za ng'ombe.

Mvua zikaisha. Ikaja miezi ile ambayo asubuhi upepo unashuka kutoka mlimani moja kwa moja hadi kwenye nyua zetu, unachukua nguo kwenye kamba na kofia kwenye vichwa. Mama alikuwa na kigoda chake karibu na pipa. Asubuhi moja nikiwa najiandaa kwenda shuleni nilimsikia akimwita baba.

"Mzee, njoo na uji wako. Njoo nao wa moto hivyo hivyo."

Baba akaja na bakuli, akiwa bado na hasira zake. Mama akamwonyesha bakuli lake mwenyewe. Upande mmoja uji ulikuwa umeshika utando na kupoa kabisa, upande wa pili bado ulifuka.

"Mimi sijaupuliza," mama alisema. "Kanipulizia huyo." Akanyoosha kidole juu, kwenye kidude cheusi.

Baba akaweka kiganja kwenye ncha nyembamba. Nikaweka na mimi changu. Uani upepo ulikuwa wa kawaida tu, wa kupeperusha majani, lakini pale kwenye ncha ulitoka umekusanyika, wenye nguvu na baridi, ukakupiga ngozi kana kwamba kuna mtu ndani anayevuta pumzi na kuitoa. Kidude kiliumeza kwa mdomo mpana, kikaubana, kikautema mahali pamoja. Baba alitazama kiganja chake, akatazama gari, akatazama tena kiganja.

"Mama wee," alisema. "Tumemziba pua."

Siku ile nilichelewa shuleni na sijutii. Bamba lilifunguliwa, na nilijilaza kwenye mkeka chini ya gari, mimi mwalimu na sketi yangu, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Sijawahi kusahau. Yalikuwepo hata matundu ya bolti mahali kidude kilipokuwa kimekaa, na ncha yake nyembamba ingeelekea moja kwa moja kwenye tumbo la giaboksi, pale mafuta yanapokaa. Gari likienda, upepo wa barabarani ungeingia mdomoni na kupuliza pale pale, kama sisi tunavyopuliza uji. Hakuna kinachozunguka, hakuna umeme, hakuna kinachochoka. Ni plastiki nyepesi ambayo mtoto angeweza kuivaa kama kofia, na upepo ambao Mungu anautoa bure.

Nilistaajabu. Mtu fulani, ng'ambo ya bahari, ambaye hakuwahi kusikia neno Kinole, aliketi akafikiria familia iliyojaa kwenye gari ikipanda mlima. Alifikiria joto litakalozaliwa chini ya miguu ya watu asiowajua, akafikiria upepo upite wapi. Halafu akakificha kidude chake chini kabisa, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayeinama kukisifu. Mimi darasani niliwafundisha watoto kwamba hewa ina nguvu, nikiwaandikia ubaoni na kuwasahihishia. Siku ile, nikiwa chali na vumbi kwenye nywele, nilihisi kama mtu aliyekuwa akiimba wimbo kwa miaka bila kuusikia.

Jioni nilimkuta mama ameishika redio kwa nyuma, anapima joto. Alikikunja kitambaa chake akakiweka kabatini. Cha chupa ya chai alikiacha, maana kazi ya chupa ni kuwa moto.

Bamba lilikatwa, likabaki la kukinga injini tu, na giaboksi ikaachwa wazi na kidude chake kikarudishwa. Mawe yaliendelea kumtia baba wasiwasi, lakini alisema heri gari lenye makovu kuliko gari lililokosa pumzi. Tukaondoka tena asubuhi. Mama hakuvaa kanga mpya safari hii. Alisema hataki kuuchokoza mlima.

Baba aliendesha siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiendesha. Kila alipopata kipande tambarare alikimbiza kidogo ili upepo uingie. Kila kilima kilipozidi kuwa kikali alitafuta kona inayotazama bonde, akasimama hapo, pua ya gari imeelekezwa kwenye upepo, injini ikinguruma polepole, nasi tukangoja. Mimi nilishuka na kuweka mkono karibu na giaboksi. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai ambacho unaweza kukishika. Kwenye mlima wa tatu, pale tuliposhindwa, hakuna aliyepumua kati yetu ila gari. Likapanda. Nikasikia upepo ukivuma chini ya miguu yetu, au nilidhani nausikia.

Tulitokea Kinole saa za watu kurudi kutoka shambani. Harufu ya mdalasini na ndizi mbivu ikaingia madirishani. Barabara inaishia kwenye maduka machache, na nyumba ya bibi iko juu zaidi, kwenye njia ya miguu iliyo kama ngazi. Wajomba, waliokwisha kupata habari zetu kwa mchuuzi, walikuwa wameandaa kiti cha mbao kilichofungwa kwenye miti miwili, cha kumbebea mama. Bibi naye hakungoja nyumbani kama alivyoambiwa. Alikuwa ameshuka njia ile yote, mwembamba, fimbo mkononi, amesimama katikati ya barabara mbele ya gari, tayari ameziba pua kwa ncha ya kanga kwa ajili ya petroli.

Baba alipomwona mama mkwe akakumbuka adabu ya ukwe aliyolelewa nayo, kwamba mtu haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, akatafuta pa kujificha, na pa karibu palikuwa chini ya gari. Akaingia huko, akawa anaikagua giaboksi kwa bidii.

Mimi nilifungua mlango. Mama akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama akiwa ameshikilia mlango kwa mikono yote miwili. Hakuweza kupiga hatua. "Shikamoo mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Bibi aliitikia marahaba. Alimtazama usoni, akamtazama miguuni, akakitazama kile kiti cha miti miwili, akawaambia wajomba wakiondoe. Kisha akaniachia mimi fimbo yake, akageuka, akampa mama mgongo. Akainama, akapeleka mikono nyuma, vile mama yeyote anavyofanya mtoto wake anapochoka njiani. Akasema kwa Kiluguru: panda, twende nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Mama, mwanamke mnene wa kutosha kuwa wawili wa bibi, aliachia mlango wa gari, akamlalia mama yake mgongoni, shavu begani. Bibi akamshika nyuma ya mapaja kwa mikono yote miwili. Miguu ya mama haikuondoka chini, wala bibi hakujaribu kunyanyuka. Alibaki ameinama, akimtikisa taratibu na kumbembeleza, na wajomba wakakiweka kiti chini wakangoja.